Nyuzi za Jiwe

Debe tupu, tuliambiwa, haliachi kuvuma.
Nilidhani ni methali ya kuwasema watu.
Sasa niko Dundee, chini ya ardhi, saa nane usiku,
kwa kuwa mchana mabasi hutikisa meza yetu,
na Ishbel amenyonya hewa yote chomboni
hadi pampu ikakohoa.

Ndani hamna kitu.
Andika: hamna kitu.
Kisha futa,
maana hicho kisicho kitu kinasukuma.

Vipande viwili vya kalisaiti, kila kimoja kama ukucha.
Cha chini kimebanwa, cha juu kinaning'inia kwa uzi wa kioo.
Kati yao mwanya: chukua unywele,
upasue mara elfu, weka ubale mmoja.
Mawimbi marefu hayaenei humo,
yamebaki nje kama wageni waliokosa mkeka,
na nje kukizidi ndani, mawe husogezwa.

Hilo lilishajulikana. Sisi tunatafuta jingine.

Baba, seremala wa Tukuyu, hakushika randa
kabla ya kupitisha kidole gumba juu ya ubao.
"Uliza kwanza nyuzi zimelala wapi."
Jiwe hili nalo lina nyuzi.
Nililiweka juu ya barua yake ya mwisho
na kila neno likawa mawili:
rudi, rudi,
la pili limekaa upande kidogo,
kwani nuru humo ina mwendo wa huku na mwendo wa kule.
Na utupu nao unazijua nyuzi.

"Arobaini na tano," nasema. Ishbel anageuza.
(Hatujasemeshana tangu Jumanne, kwa ajili ya jedwali
nililolikosea mimi. Tunapeana namba tu.)
Nukta ya leza ukutani inatulia.
Halafu, bila mkono, bila upepo,
inahama. Upana wa nzi. Nusu ya nzi.

Jiwe linajisokota, linatafuta pa kulala
nyuzi juu ya nyuzi.

"Tisini."
Hapo linasita, halijui lielemee wapi.
Nami nashika pumzi, kana kwamba pumzi yangu ingefika humo.

Ishbel anaandika muda mrefu.
"Huenda ni chaji ya umeme," anasema. "Au chai yako,
joto lake. Turudie."
Turudie, nasema.

Sikumbuki nani alisogeza kiti.
Saa kumi na mbili kasorobo basi la kwanza linapita,
nukta inaruka ukutani kama panzi,
tunazima.