Hesabu Thelathini

Niliiweka mwenyewe. Hapo ndipo aibu inapoanzia.
Miaka minne iliyopita, ghala la barafu, Igombe,
kijana wa mjini na begi la nyaya,
nikamwambia Bi Nyamisi: "Nywila hii, mama,
hata ukinifunga kamba sitaitaja."
Akacheka.
Leo hacheki.

Leo ruta imekaa juu ya friza kama kuku anayeatamia,
taa moja nyekundu inapepesa.
Kampuni imebadili namba zake huko juu,
nasi humu ndani hatuna budi kuzibadili,
na mlango unauliza: wewe nani?
Mimi ndiye niliyekufunga hapa.
Thibitisha.

Najaribu jina la Limi, niliyetaka kumuoa wakati ule.
Hapana.
Limi na mwaka. Limi kwa herufi kubwa.
Limi ambaye sasa ana watoto wawili Sengerema
na hajui kwamba nambonyeza herufi kwa herufi
mbele ya mwanamke anayehesabu matone.
Hapana.
Namba ya pikipiki niliyoiuza. Hapana.
Namba yangu ya mtihani, kidato cha nne. Hapana.
Jina la yule mbwa wa Kitangiri aliyeniuma.
Safari hii haikusema hapana. Ilinifungia nje dakika kumi,
kama mwalimu anayekutuma ukasimame juani.

Dakika kumi ni nyingi kwenye ghala la barafu.
Lori la Kirumba linanguruma uani,
dereva Mabula anaangalia sakafu inavyolowa,
kisha ananiangalia mimi,
kisha sakafu.

Nakaa juu ya kreti, namtafuta kijana yule.
Alipenda nini? Alimwogopa nani?
Nakumbuka shati lake la mistari.
Nakumbuka deni lake kwa mama wa chapati.
Katika siri yake simo.
Ajabu, kuishi na mtu ndani ya ngozi moja
naye akaondoka na ufunguo.

"Ipindue," anasema Bi Nyamisi.
Naipindua. Kibandiko cha kiwandani kimefutika,
magamba matatu ya sato yamekaukia penye tarakimu.
Pembeni kuna kitundu, kidogo kama jicho la dagaa.
Nakijua. Nilikuwa nakikwepa tangu asubuhi.
Ukikibonyeza hesabu thelathini ruta husahau yote:
njia, wageni, majina,
husahau hata kwamba iliwahi kunikataa.
Wenzangu wa Mabatini husema anayebonyeza kitundu si fundi.
Fundi hukumbuka.

Sina sindano. Pini za mafaili zimeliwa na kutu.
Bi Nyamisi anainamia ndoo ya mabaki,
anachomoa mwiba wa sangara, anaufuta kwenye kanga,
ananipa bila neno.
Neno analo. Naliona limesimama mdomoni:
wa kujichoma, hauambiwi pole.
Analimeza.
Kwa hilo tu namshukuru.

Moja. Mbili.
Kumi na saba, mkono unatetemeka.
Ishirini na tisa.
Taa zote zikazimika,
friza ikabaki ikinguruma peke yake,
halafu moja ya kijani, halafu ya pili,
namba za kampuni nikazijaza kwa mkupuo,
na mwisho, ukurasa mweupe, bila kinyongo:
weka nywila mpya.

Vidole vilishanyanyuka. Nikavishusha.
Nikamsogezea kibodi, nikageukia dirisha,
nikatazama mawe ya ufukweni, yale yaliyobebana
tangu lini sijui, wala hayaulizani.
Nyuma yangu akaandika, kwa kidole kimoja, taratibu,
herufi nyingi kuliko nilivyodhani,
na katikati akacheka kidogo.

Lori likaondoka na maji nusu, barafu nusu.
Aliandika nini sijui.
Usiku ule nililala.

Mwiba umefungwa uzi, unaning'inia msumarini,
nyuma ya mlango.