Kwa Fundi, Makoroboi

Fundi, usiifungue kwanza.
Weka bisibisi chini nikueleze.
Haikuanguka, haikuingia maji.
Jumanne umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo,
Mabatini nzima taa zikapepesa,
nayo maikrowevu ikalia mara moja
kama mtu aliyekanyagwa kidole.
Sahani ya kioo ikasimama.
Kiporo changu nusu moto, nusu barafu.

Mimi niko zamu ya usiku, kiwandani, minofu ya sangara.
Mugeta ni fundi wa injini, huondoka na boti ya kwanza ya visiwani.
Narudi saa moja asubuhi, kitanda kimeshapoa.
Miaka mitatu, siku za kazi, hatujala pamoja.
Hii ndiyo ilikuwa meza yetu.
Huniachia sahani humo ndani, imefunikwa kwa sahani,
na kikaratasi: "Wali dakika mbili. Mchuzi onja chumvi."
Jioni nami humwachia: "Uji. Koroga katikati, utakuunguza."
Tulipogombana juu ya ada ya Nkwimba
aliandika "mbili", basi,
nikapasha tatu kwa hasira,
nikatafuna wali kama kokoto.

Nisikufiche, ina visa vyake.
Ugali wa muhogo hutoka humo soli ya kiatu.
Sato wa kukaanga hulegea ngozi, harufu ikapiga hodi kwa majirani,
na mimi samaki nimewanusa usiku kucha.
Yai la Nkwimba lililipuka, tukabandua kiini siku mbili.
Sahani ya mama mkwe, ile yenye ukingo wa dhahabu,
ilirusha cheche kama radi ya Ukerewe.
Mpaka leo Mama Nyangeta akija kututembelea
huiomba sahani ile ile,
huizungusha polepole mkononi,
hasemi kitu.

Tangu Jumanne natumia kikaango na mfuniko,
kijiko kimoja cha maji pembeni, gesi ya chini kabisa.
Sato anarudi na ngozi yake, anavunjika kwa mlio.
Wali naupandisha juu ya sufuria ya maji yanayotokota,
mvuke unaupenya, punje zinaachana.
Sufuria ya presha nimeazima kwa Holo, mlango wa pili.
Inapiga mluzi, mtoto wake anaitikia,
na maharage yaliyokula mkaa wa mchana kutwa
yanaiva kabla sijamaliza kufua sare.
Sijui kwa nini niliichukia muda wote ule.
Labda kelele.

Sasa jana.
Nimerudi, viatu vya mpira mkononi,
vidole bado vina baridi ya kiwandani.
Jiko kavu. Hakuna sahani.
Nikasema moyoni, haya, tumefika.
Kumbe kwenye kona kapu la sokoni limevimba.
Limevaa jekete lake la ziwani, lile zito,
zipu mpaka kooni.
Chini ya jekete, blanketi la Nkwimba la utotoni.
Chini ya blanketi, matambara.
Chini ya matambara, sufuria:
michembe na maharage, yanaunguza ulimi.
Aliyachemsha saa tisa usiku, akazima moto,
akayafunga yamalizie kuiva yenyewe gizani.
Hakuna kikaratasi.

Na upepo wa jana uliuona mwenyewe, fundi,
ulivyorusha mabati pale Igogo.
Ameuvuka na shati.

Nilikaa sakafuni nikala kwa mkono,
jekete mabegani,
dizeli na maharage, sikujua kipi ni kipi.

Basi, fyuzi shilingi ngapi?
Elfu kumi na tano! Hiyo si ni luku ya wiki mbili?
Haya. Nkwimba anakuja likizo mwezi ujao,
mtungi wa gesi anauogopa kama chatu,
na siwezi kumwambia msichana wa kidato cha tatu
chakula kiko ndani ya koti la baba.

Itengeneze.
Ila usiharakishe.