Athari Tatu

Kizuizini Birkat al-Mauz polisi alichungulia:
"Mnakwenda kufanya nini huko juu?"
Nikakosa jibu. Mkobani nilikuwa na orodha,
mambo kumi na moja kwa siku nne,
nimeyapanga ofisini Ruwi nyuma ya ankara ya saruji.
"Anakwenda kukaa," dereva Zahran akanijibia.
Polisi akatazama viatu vyangu, akacheka, tukapita.

Mita elfu mbili juu ya jasho la Maskati
Aprili ina meno.
Kijiji kimeng'ang'ania ukingo wa korongo,
matuta juu ya matuta, komamanga zingali maua,
na waridi. Si lile la kadi wala la shada la harusi:
waridi la kazi, dogo, lenye miba,
huchumwa jua halijapangusa uso.

Asubuhi ya kwanza nilitoka mbio.
Bi Shamsa mwenye nyumba, mzaliwa wa Tabora
aliyeiacha Tabora na miaka tisa,
akaniita kwa Kiswahili kilichobakia na miaka tisa:
"We dada, nani anakukimbiza?"

Mama alinilea kwa "haraka haraka haina baraka,"
akiisema anakimbia, beseni kichwani,
kanga mdomoni.
Niliurithi mwendo wake, si methali yake.

Nikaketi. Kahawa, tende, kahawa.
Sikujua kwamba kikombe hutikiswa kusema basi.
Nikanywa saba.

Chini ya ukuta hupita falaji,
mfereji wa upana wa shubiri mbili.
Kijana Muhannad, kanzu kaikunja magotini,
aliziba mdomo mmoja kwa jiwe na tambara,
akafungua mwingine, akachutama.
"Unangoja nini?"
"Athari tatu."
Nilidhani Kiarabu changu kimeniangusha.
Bi Shamsa akanitolea tongotongo:
athari moja ni nusu saa ya maji.
Babu wa kijana alinunua tatu,
nazo zinarithiwa, kama kwetu mnazi,
au deni.

Kwetu athari ni kinachobaki jambo likishapita:
kovu, unyayo, harufu kwenye foronya.
Kwao ni jambo lenyewe, linapita,
nawe umechutama kando yake.

Simu yangu iliandika kumi na moja.
Kichwani mwangu ilikuwa saa tano.
Kwa Muhannad, kivuli kilikuwa hakijagusa jiwe la pili.
Hakuna aliyekosea.
Maji yalifika shina la kwanza, yakazunguka,
yakabeba ganda la lozi, yakaliacha, yakalirudia.
Nililitazama ganda lile
kuliko nilivyowahi kumtazama mtu.

Siku ya pili nilishinda jikoni kwenye masizi.
Petali chunguni, moto chini, kibakuli cha shaba ndani,
maji baridi juu, na kimya cha watu wanaopika.
Marashi ya pale yananuka moshi.
"Walioko mjini hawayataki hivi," alisema Bi Shamsa,
"wanataka yanukie duka."

Siku ya tatu
mvua ya mawe, dakika sita. Mbuzi chini ya ngazi.

Siku ya kuondoka alinijazia chupa kuukuu ya Vimto.
Faneli hakuna. Nikatoa karatasi mkobani, nikaikunja pembe,
marashi yakapita katikati ya mambo kumi na moja,
wino ukalegea. Genge maarufu la kupigia picha
lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka pale.
Sikuliona. Sijui kama nitaliona.

Jumapili, ghorofa ya chini, Ruwi.
Bincy wa mapokezi ananiuliza: umeona vingapi?
Nafungua kizibo, namsogezea pua.
Anakunja uso: "Kuna kitu kimeungua."
"Ndiyo," namwambia.
Lifti inachelewa.
Sikibonyezi kitufe mara ya pili.