Kilo Mbili

Flashi imevuka maji kutoka Nansio
mfukoni mwa baharia wa feri,
imeviringishwa kwenye nailoni iliyowahi kubeba maandazi.
Ndani yake uzito wa sangara wa miezi sita,
mistari elfu kumi na moja na ushei,
yote imepigwa na vidole vya Nabwire
ambaye sauti yake naijua, uso wake siujui.

Hapa Kirumba, ghorofani, juu ya maduka ya nyavu,
nimeandika skripti ya mistari tisa.
Inafungua faili bila kujali
kama ni sangara au ni salamu,
inalimeza tonge kwa tonge
kama mtu na ugali wa moto,
na likiisha inatema herufi sitini na nne
zisizo na maana kwa yeyote,
ila ni zilezile, kila mara zilezile,
mradi faili ni lilelile.

Nabwire anayo skripti hiyo hiyo.
Alinisomea herufi zake kwa simu:
tatu, sifuri, be kama Bukindo, de kama dagaa...
nikaziandika nyuma ya kalenda ya duka la injini.

Jioni nikaendesha.
Yangu ilianza na saba.

Sikuhitaji kufika ya pili.
Hesabu hii haijui kukohoa kwa kosa dogo;
huangua kilio kilekile
kwa koma iliyodondoka na kwa msiba.

Nikalaumu mwisho wa mistari,
zile alama zisizoonekana
ambazo kompyuta moja huweka mbili, nyingine moja.
Sizo.
Nikalaumu maji. Nikanakili upya: saba ileile,
imenikodolea macho.
Nikamfikiria baharia vibaya
mpaka umeme ukakatika,
nikabaki na mwanga wa skrini
na harufu ya dagaa wanaokauka huko chini,
nikaona aibu.

Alama husema *kuna kilichobadilika*,
kisha hufunga mdomo.
Nini, haisemi. Nani, haisemi.
*Kwa nini* haina hata pa kuiweka.

Nikatoa nakala ya zamani, nikazilaza ubavu kwa ubavu.
Saa nane usiku, betri ikihema, nikaona:
mwalo wa Irugwa, thelathini na nane imekuwa thelathini na sita,
ishirini imekuwa kumi na nane,
kilo mbili, kilo mbili, siku arobaini,
kama kuna mtu anamega.

Nikampigia kabla ya jogoo,
maneno makali nimeyapanga.

"Mizani ilikuwa inaumwa," akasema.
"Sahani ilipigwa kiraka cha chuma,
fundi hakuirudisha sifuri.
Jiwe la kumi likaniambia kumi na mbili.
Nimekesha nikirekebisha.
Namba niliyokusomea ni ya faili la kwanza.
Nimesahau kukupa mpya."

Basi nakala ambayo ingelingana
ndiyo iliyobeba uongo,
uongo uliotunzwa vizuri, haujapungua baiti.
Skripti yangu hulinda nakala.
Haijawahi kushika samaki.

Baba, fundi cherehani wa Mabatini,
alikuwa akituma beti redioni.
Nane, kituo, nane, alihesabu kwa vidole vyenye alama za sindano;
mtangazaji akimeza silabi
aliijua kabla ya kina.
Naye aliita mizani.

Nabwire, pokea huu. Uhesabu.

*Mizani yako ya chuma, imekiri kosa lake,*
*Na yangu niliyosoma, hailijui la kwake,*
*Usiku nilikusema, samehe, niridhike,*
*Kilo mbili zimerudi, ziwani ziogelee.*

Mstari mmoja hapo una upungufu.
Sisemi upi.
Ukinipigia ukautaja
nitajua ubeti umefika kama nilivyoutuma.