Rula ya Sentimita Thelathini

Paka wangu nilimwita Bemol,
kwa kuwa hulia nusu sauti chini ya noti aliyoikusudia.
Nilimwokota chini ya gari la mkate, mtaa wa Kapana,
hapa Plovdiv, mwezi wa Machi, theluji bado kaidi.
Nikamviringisha skafu, nikampandisha orofa ya tatu,
na kabla hata hajaonja maziwa
alisimama kwa miguu ya nyuma, akajinyoosha
kama abiria aliyeshuka garimoshi,
akauparura mguu wa kushoto wa piano.

Piano ya mama. Ilipandishwa ngazi na wanaume sita
mwaka niliozaliwa, na mmoja wao akateguka kiuno.

Nilijaribu yote.
Niliufunga mguu kwa karatasi ya bati:
akaigeuza ngoma, usiku kucha, chwa, chwa.
Nilibandika utepe wenye gundi pande mbili:
nikanaswa mimi, soksi yangu na ukurasa mzima wa noti.
Nilipaka siki. Wanafunzi wakauliza kama ninasindika kabichi.
Nilinunua kigogo chenye manyoya ya waridi,
kifupi kama kiti cha mwanasesere, nikakificha nyuma ya mlango
asije mgeni akakiona.
Bemol alikiegemea mara moja, kikaanguka.
Hakukirudia. Nani hurudia kiti kilichomwangusha?

Jumanne moja nikashika rula.
Rula ya mbao, sentimita thelathini, ya Bi Radosveta
aliyenifundisha miaka tisa, akaniachia katika wosia
rula hiyo, na vidole ambavyo hata leo
huuma kabla mvua haijanyesha.
Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo ilikuwa sala yake.
Kosa la kwanza, ubapa. Kosa la pili, ukingo.
Nikainua mkono.
Bemol akalaza masikio,
akajifanya mdogo, mdogo,
hadi akawa na umri wa miaka saba,
akawa na misuko miwili
na soksi nyeupe.

Nikaiweka rula juu ya piano, polepole, kama anayelaza mtoto.

Rangel, jirani wa chini, seremala mstaafu,
alinisikiliza huku akitafuna mbegu za alizeti.
"Tsvetana, huyu hana ubaya.
Kucha zake ni meno ya msumeno, hazikai bila kunolewa.
Tena anaandika jina lake.
Wewe hukuliandika lako kwenye kengele ya mlango?"
Akaleta boriti ya paa lililobomolewa,
akaizungushia kamba ya mkonge, akaisimamisha kwenye ubao mzito;
haikuyumba hata nilipoiegemea mimi
na uzito wangu wa baada ya Krismasi.
Ndefu kumpita paka aliyejinyoosha.
"Na usiifiche," akasema. "Iweke pale pale penye kesi."

Tukaiweka pale pale penye kesi.
Akiigusa, kipande cha samaki.
Akiusahau mguu wa piano, kipande cha samaki.
Akikosea, nilimbeba bila neno, nikamtua mbele ya kamba,
kama ninavyokirudisha kidole gumba cha Yoana
chini ya kiganja, mara ya mia, pasipo kushusha pumzi
aisikie.

Wiki ya tano nikaichukua tena rula.
Bemol akaitazama.
Nikapiga magoti sakafuni, nikapima
sentimita mbili, kuelekea dirishani,
nikaisogeza boriti.
Jumatatu iliyofuata, mbili nyingine.
Kazi ya rula ilikuwa hii, Bi Radosveta.
Hii tu.

Sasa ni mwaka wa pili. Boriti imefika dirishani,
kamba imechakaa kama ndevu za padri,
na asubuhi Bemol huanzia hapo siku yake.
Fundi wa piano alitaka kuusugua mguu, aufiche kwa vanishi.
Nikamlipa nauli, nikamwambia arudi kwa ajili ya nyuzi.

Ila jana usiku niliisikia: kra, kra,
mguu wa kushoto.
Kitandani, gizani,
nikahesabu moja, mbili, tatu, nne.
Kimya.
Nikahesabu mipigo minne zaidi.
Halafu, upande wa dirisha,
kamba.