Kopo la Kashi

Kopo lenyewe dogo, la shaba, shingo imezibwa kwa risasi,
lilikaa rafu ya juu kabisa, nyuma ya marobota ya kaniki,
na mimi Kikoti, fundi wa baraza lile miaka thelathini na mmoja,
sikuruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

"Mto Ganga huo," alisema Jamnadas. "Umelala. Usiuamshe."

Kashi aliijua kwa mdomo wa mama yake:
ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini,
moto wa maiti usiozimwa masika wala kiangazi,
wajane walionyoa vichwa,
ng'ombe wanaopishwa njia kama wakuu wa wilaya,
na anayefia pale, basi, daftari limefungwa,
harudi tena duniani kudaiwa.
Alinisimulia huku akipima kitambaa, yadi kwa yadi,
nami nikawa naiona Kashi ina baridi ya Iringa,
waogaji wake wamejitanda migolole, wanatetemeka.

Nauli aliiweka kwenye bati la biskuti.
Mwaka wa vita ya Kagera bati lilifunguliwa.
Mwaka duka lilipokosa sukari hata chumvi, likafunguliwa.
Na mwaka ule mke wangu Tulinagwe alipopasuliwa Tosamaganga
lilifunguliwa, ikabaki harufu ya biskuti tu.
Sikuwahi kumaliza kulipa. Hakuwahi kuuliza.
Kila asubuhi: "Kamwene, Kikoti." "Kamwene, mzee."
Basi.

Usiku mmoja wa kufunga hesabu, umeme umekatika,
akaniambia kitu ambacho Hansa, bintiye, hajui:
risasi ile ilipasuka zamani, maji yakatoroka tone kwa tone,
na mama yake alipokuwa anakata roho, anaitaka Ganga,
yeye alishuka mbio gizani mpaka Ruaha Mdogo,
akachota chini ya daraja, penye tope na mabua ya mahindi.
Kilichobaki akakiziba kwa nta.
"Alikunywa, Kikoti. Akasema, utamu uleule."
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Ndiyo maana nataka kwenda. Nikauombe mto msamaha."
Sikumwuliza mto upi.

Alifariki Juni, baridi inang'ata masikio.
Hansa akapanda ngazi, akashusha kopo, akabandua nta,
akamdondoshea baba yake matone matatu.
Wote wakainamisha vichwa kwa Ganga.
Nami nikainamisha changu, nimeuma ulimi.

Tulimchoma kwa magogo ya mkaratusi,
mabichi kidogo, yakalia kabla ya kushika.
Alfajiri ya tatu tukayapeleka majivu mtoni,
nauli ya Kashi haikupatikana, safari hii pia.
Upande wa chini mama mmoja alikuwa anafua sare za shule.
Alituona, akazinyanyua nguo zake,
akangoja mpaka kinachopita kimepita,
akaendelea kufua.

Maji yale huungana na Ruaha Mkuu, huingia Mtera,
huzungusha mitambo, hugeuka moto wa waya.
Najua, mwanangu kafanya kibarua kule.
Ndiyo sababu, siku ya tisa, tumekaa dukani gizani,
nahesabu kwa vidole deni nisilojua nimlipe nani,
taa iliporudi ghafla juu ya meza ya kupimia
Hansa alisema tu, "Umeme."
Mimi nilisimama, nikavua kofia.
"Kamwene," nikasema.