Kijiko Kando ya Kopo

Asubuhi, kabla sijawasha taa ya jikoni,
nainama hadi jicho langu lilingane na maji.
Upo tena. Utando.
Mwembamba kuliko ngozi ya maziwa yaliyopoa,
unang'aa zambarau na kijani
pale taa ya barabarani inapoupiga,
na chini yake viputo vya hewa vimekwama
kama watu walionyimwa mlango.

Miaka thelathini na mmoja nilipika kantini ya mgodi,
hapa hapa Ostrava,
supu ya mifupa kwa wanaume mia nne wa zamu ya usiku.
Mafuta ya juu nayajua.
Huenguliwa, hayakorogwi.
Lakini sufuria haikuwa na filta inayopumua ubavuni.

Lubor, mkwe wetu, alikuja Jumapili na kifaa.
"Kinanyonya uso wa maji, mama, wewe hugusi kitu."
Akakichomeka kwenye mdomo wa filta,
akanywa kahawa, akaenda zake.
Kweli kilinyonya. Kwa saa moja maji yakawa kioo.
Kisha kikaanza kumeza hewa,
krr, krr, kama mtoto anayemalizia soda kwa mrija,
na filta, iliyozoea kushiba kutoka chini,
ikagawana pumzi na mgeni,
ikakohoa,
ikanyamaza.

Otakar akaamka.
Kelele hazimwamshi. Kimya ndicho kilichomwamsha.
Masikio ya mume wangu yalibaki shimoni pamoja na baruti;
sasa hulala kitanda kimesukumwa hadi kwenye tangi,
kiganja juu ya ubao,
mtetemo ukimpanda mkononi mpaka usingizi umchukue.
"Nani amezima?" akauliza gizani.
Nikakichomoa kile kifaa, nikakitia kwenye boksi la viatu.

Nikajaribu karatasi ya jikoni.
Unailaza juu ya maji kama shuka juu ya mtoto,
unahesabu hadi tatu,
unaivuta kwa upande mmoja, polepole,
na utando unakuja nayo.
Nne zilifaulu. Ya tano ikachanika,
vipande vikaelea kuelekea filta,
nikavikimbiza kwa uma, na nguo ya kulalia imelowa hadi kwapani.

Mwishowe nikarudi kwa ninachokijua:
kikombe cha enameli cha kantini, namba 212 ubavuni.
Sizimi kitu.
Nakishusha wima kwenye kona ya mbali, maji yanakolala,
hadi ukingo uzame kwa unene wa ukucha,
na utando unajileta wenyewe,
unateleza kutoka pande zote na kuanguka ndani
kama foleni iliyosikia kengele ya chakula.
Vikombe vitano.
Halafu narudisha vitano, vya maji yaliyolala ndooni usiku kucha,
maana filta ikihisi maji yameshuka huanza kunung'unika.
Haikujua hata kama nimepita.

Kesho yake, upo tena.

Ndipo nikavuta kiti nikatazama.
Saa kumi na mbili Otakar anapaka dawa yake ya viungo,
ile ya kafuri, kidole baada ya kidole,
pale yalipobaki mavimbe ya miaka ya nyundo.
Kisha kwa vidole vile vile anabana chakula,
anavichovya majini hadi kifundo cha pili,
kwa sababu gurami mzee, tuliyempa jina Meya,
hakubali kula isipokuwa mkononi mwake.
Rangi zikatoka vidoleni, zikatanda taratibu.
Meya akapanda, akautoboa utando kwa mdomo,
akavuta hewa yake, akashuka.
Otakar alikuwa anacheka bila sauti.

Sikusema neno.
Niliweka kijiko kando ya kopo la chakula.

Wiki nzima kilikaa pale, kikavu.
Jana nimekirudisha kwenye droo
na kukipa kikombe msumari wake
ukutani, karibu na tangi.